Vigae vya Bibi

Juzi nilikuwa nakatiza soko la mboga nyuma ya Zhanxi, mtaa wa maduka ya jumla hapa Guangzhou, mvua imetoka kunyesha, viatu vimelowa chapachapa, mikononi nina mifuko ya sampuli, na muuza vyura akamwaga maji ya beseni lake karibu na miguu yangu. Harufu ile! Tope, majani mabichi, na kitu kama chuma kilicholowa. Watu wengine wakipita pale huziba pua na kuharakisha. Mimi nilisimama katikati ya njia nimeduwaa, wasukuma mikokoteni wananipigia kelele niwapishe, na machozi yananitoka. Jamani, nilikuwa nimemkumbuka bibi yangu mzaa mama, ambaye hakuwahi kukanyaga Guangzhou hata siku moja.

Kuna mwaka mmoja wa utoto wangu, hapa hapa Guangzhou, ambao niliutumia wote kumsubiri bibi atoke ardhini. Chekeni mkitaka. Nilikuwa na akili zangu timamu, na ushahidi nilikuwa nao.

Wenzangu mliolelewa juu ya marobota mnayajua maisha yetu. Baba alikuwa Dodoma anauza, mama alikuwa Guangzhou ananunua, na mimi nilikaa na yeyote aliyekuwa na nafasi. Mpaka nilipofikia umri wa kwenda shule nililelewa Kongwa na bibi, halafu mama akaja kunichukua. Tulipanga chumba ghorofani, jirani na barabara ya Guangyuan Xilu, kwenye nyumba ya mama mmoja mzee wa Kichina niliyemwita Po-po, kama watoto wa pale wanavyowaita bibi zao. Chini, kwenye ukumbi wa Po-po, ndipo mama alipoweka mizigo kabla haijaenda kupakiwa kwenye kontena. Asubuhi nilisoma sebuleni kwa mwalimu mmoja Mkenya. Mchana nilikaa na Po-po, nimepanda juu ya robota la suruali, nanusa plastiki na rangi ya nguo mpya, nasikiliza selotepu ikivutwa kraaa, kraaa, mpaka mama arudi.

Lakini akili yangu ilikuwa bado Kongwa. Shamba la bibi lilipakana na mbuga, majani mafupi mpaka macho yanachoka, na mbuga ile ilikuwa imejaa mashimo. Aliyeyachimba ni muhanga, mnyama mwenye masikio ya punda na pua ya nguruwe. Mwenyewe sikuwahi kumwona, maana kutwa alikuwa amelala. Niliona kazi yake tu. Bibi alinieleza kwamba muhanga anachimba, anakula mchwa wake, anapumzika kidogo, halafu anahama zake, na shimo linabaki na wapangaji.

Na wapangaji walikuwa wengi, asikwambie mtu! Jua likikaza alikuja kobe, anaingia taratibu kama mzee aliyechelewa ibada. Kulikuwa na kenge, aliyekuwa na tabia ya kutoa kichwa tu na kututazama kwa dharau. Kulikuwa na mijusi wembamba wenye mkia wa bluu, wale ukiwatazama wanapotea. Kulikuwa na yule mrefu, ambaye bibi hakutaka atajwe jina, tukikaribia shimo tulipiga makofi ili asikie ajirudishe ndani. Na walikuwapo vyura. Si hawa vyura wa bafuni! Vyura wa kujaza kiganja cha mtu mzima, wa kijani, wenye midomo mipana ya watu wasiopenda mzaha.

Siku moja ya kiangazi bibi alikuwa anachimba mizizi ya dawa pembeni mwa shimo, jembe likaibua donge. Akalipangusa. Kumbe ni chura, amejiviringisha ndani ya ngozi kavu kama karatasi, macho yamefumbwa, miguu ameikunja, baridi kabisa.

"Amekufa," nikasema.

"Amekufa wapi!" bibi akacheka. "Huyu anasubiri mvua. Hali, hanywi, hasemi na mtu. Na hizi mvua za kulowesha vumbi hahangaiki nazo. Anasubiri ile yenye radi."

Akamrudisha, akamfukia kwa mikono yake, akaupapasa udongo kama anavyopapasa mgongo wa mtoto mchanga. Na kweli, mvua ya radi ilipokuja, mbuga nzima ilipiga kelele. Vyura walitoka ardhini kila mahali, wananguruma kama ndama, na mimi nilisimama mlangoni nimemshika bibi kanga, nimeyaona kwa macho yangu haya mawili.

Kulikuwa na jirani mwenye ng'ombe aliyetaka kuyafukia yale mashimo, maana ng'ombe wake alikuwa amevunjika mguu. Alikuja na sepetu. Bibi alimfuata huko huko mbugani, mikono kiunoni. "Ng'ombe wako ana macho, na wewe una macho," alimwambia. "Chunga. Ukiziba hapa, hawa waliomo watatokea wapi?" Yule bwana aliondoka na sepetu lake begani, ananung'unika. Mimi nikaona bibi yangu ndiye mkuu wa mbuga.

Habari ilitukuta Zhanxi, kwenye duka la viatu. Mjomba Yona, mdogo wake mama, alipiga simu kutoka Kongwa. Mama alisikiliza, akasema, "Asante kwa kunijulisha," kama anavyomwambia mteja, akaweka simu kwenye mkoba, akamgeukia laoban, yaani bosi wa duka, akaendelea kuchagua viatu mpaka akamaliza. Nyumbani ndipo aliponikalisha kitandani.

"Bibi ametutoka," alisema. "Kesho wanamlaza shambani kwake, pale kwenye mpaka wa mbuga."

"Ardhini?"

"Ndiyo, ardhini."

"Anaumwa?"

"Hapana, mwanangu. Haumwi tena. Amepumzika."

Basi nikashusha pumzi. Ardhini, mbugani, kiangazi, amepumzika: yote niliyajua. Nikampapasa mama mgongo nikamwambia asijali. Alinitazama kwa muda mrefu. Nadhani alijiuliza amezaa mtoto wa namna gani, asiye na chozi hata moja.

Yeye mwenyewe hakulia. Hakuweza kwenda kuzika, maana viza yake ilikuwa ya kuingia mara moja, akitoka harudi, na kontena lilikuwa linafungwa wiki ile ile. Wenzetu wa sala ya Jumapili walikuja, wakaimba, wakaomba, na mama akawa anazunguka kuwamiminia chai kama vile msiba ni wao na yeye ndiye mfariji. Walipoondoka akaosha vikombe. Kuanzia hapo mama yangu akawa kimya. Mama aliyekuwa ananitania kutwa, aliyekuwa anaiga sauti za wauza maduka mpaka nashika mbavu kwa kucheka, sasa alikuwa anasema "kula," "vaa," "lala," basi. Bibi sikumkosa, nilijua aliko. Niliyemkosa ni mama, tuliyekuwa tunalala kitanda kimoja.

Kwa hiyo nikapanga mambo kichwani. Mvua ya radi itanyesha Kongwa, bibi atatoka, atajipangusa udongo, atampigia mama simu kumgombeza kwa kukonda, na mama atarudi kuwa mama. Ilikuwa ni suala la mvua tu.

Kila mama alipozungumza na mjomba, nilimvuta nguo. "Muulize, mvua imenyesha?" Naye akikata simu ananijibu, "Meiyou." Ndilo neno la wenye maduka wakikwambia hamna, na nyumbani kwetu lilikuwa linatumika kwa kila kitu: sukari meiyou, sabuni meiyou, mvua meiyou. Mwaka ule mvua za Dodoma zilikuwa za kusuasua. Zilinyesha, zikakatika, zikanyesha tena kidogo, zote za kulowesha vumbi. Mama alidhani nina uchungu na mtama wa mjomba. Nilimsikia akiwasifia wenzake kwamba mtoto huyu, pamoja na kukaa mjini, ana roho ya mkulima. Nami nikanyamaza, maana sikuona haja ya kueleza jambo ambalo kila mtu alilijua.

Ikaja ile miezi ambayo hapa Guangzhou kuta zinatoka jasho. Mnaijua. Sakafu imelowa na hakuna aliyemwaga maji, nguo zinakaa kwenye kamba wiki nzima zinanuka kwapa, na mjusi wa ukutani anateleza anadondokea kwenye sahani. Halafu mvua zikaanza, nzito, mchana kweupe. Vyura wenye mabaka walitoka kwenye mfereji wa mbele ya mlango wa Po-po, mmoja akaingia hadi chini ya marobota. Niliruka kwa furaha. Nikamkimbilia mama nikamwambia wametoka, wametoka! Mama akasema nikawatoe nje kwa ufagio.

Siku zile zile nikamkuta Po-po jikoni, amechemsha kuku mzima, amenunua nyama ya nguruwe ya kuchoma yenye ngozi nyekundu, amepanga machungwa kwenye kikapu. Pembeni ameweka ufagio na kijembe kidogo.

"Unakwenda wapi?" nikamuuliza kwa Kichina changu cha sokoni.

"Kwa mume wangu," akajibu.

Mume wake nilimjua, alikuwa kwenye picha ukutani. "Yuko wapi?"

Po-po akaonyesha chini, halafu akanyoosha kidole kuelekea kwenye vilima. "Kule. Ndani."

"Na anakula?"

"Anakula sana! Hasa nguruwe."

Mtaa mzima ulikuwa unafanya hivyo hivyo, watu na vikapu na miavuli, mvua inawanyeshea, wanawaendea watu wao walio ardhini. Mnataka ushahidi gani tena? Jioni Po-po alirudi na matope mpaka magotini, na kuku wake alirudi mzima. Nikamhurumia. Mvua ya kwao nayo haikutosha. Lakini yeye hakuonekana kuhuzunika, alinikatia paja akaniambia nile, maana mwenyewe ameshashiba.

Baada ya siku chache mama alirudi na msukuma mkokoteni, maboksi madogo mazito yamepangwa, mikanda ya plastiki imekaza. Nilidhani ni viatu vya chuma. Akakata mkanda mmoja, akatoa kigae. Cheusi, kinang'aa, nikajiona uso mzima. Na mama alikuwa anatabasamu! Miezi yote ile sikuwa nimeyaona meno yake. Roho yangu ikachanua kabla sijajua sababu.

"Tunamjengea bibi," akasema. "Udongo umeshashuka. Mjomba atamwaga zege, halafu hivi juu. Kongwa nzima halitakuwapo kaburi kama lake."

"Zege? Juu yake?"

"Juu, pembeni, kote. Hata sisimizi haingii."

Mama aliendelea kukifuta kile kigae kwa kanga yake, anakigeuza kwenye mwanga, anaimba chinichini pambio la kwao. Nilitaka kusema, lakini nilipomwona anaimba nikashindwa. Nani angemnyang'anya ile furaha? Nikarudi kukaa juu ya robota langu, nikabaki nayatazama yale maboksi.

Siku ya kupakia ilipofika, ilikuwa mchana, mchukuzi alikuja na mkokoteni wake. Akachukua marobota ya suruali, akachukua ya viatu. Alipoinama kushika maboksi ya vigae, nikajitupa juu ya maboksi yale kifudifudi, nikayakumbatia.

"Shuka," mama akasema.

Sikushuka. Mchukuzi akacheka kidogo, akajaribu kunitoa kwa upole, nikapiga mateke. Nikapayuka kwa lugha zote nilizokuwa nazo: sitaki, bu yao, meiyou, niacheni! Watu wa duka la jirani wakachungulia. Mama aliona aibu, na aibu ikageuka hasira. Akanishika mkono, akanivuta.

"Una nini wewe? Bibi yako aliyekulea, leo humtakii hata kaburi zuri?"

"Mkimzibia atatokea wapi?"

"Nani?"

"Bibi! Mvua ya radi ikinyesha atatokea wapi?"

Mama akaniachia mkono. "Atoke?" akasema. "Atoke aende wapi?"

Nikamweleza. Nikaeleza yote kwa mkupuo, kamasi na machozi: chura wa kwenye jembe, ngozi yake kama karatasi, mvua za vumbi na mvua ya radi, jirani na sepetu lake, mume wa Po-po na kuku aliyerudi mzima. Kadiri nilivyosema ndivyo mama alivyozidi kushuka, mpaka akawa ameketi sakafuni.

"Ndiyo maana ulikuwa unaulizia mvua?"

"Ndiyo."

"Siku zote hizi?"

"Ndiyo, mama. Wewe si ulisema yuko ardhini?"

Akamwambia mchukuzi apeleke vilivyokwisha kupakiwa, hivi aviache. Po-po, aliyekuwa mlangoni na mwiko mkononi, alirudi ndani akazima jiko. Mama akanipakata, mimi na urefu wangu ule.

"Sikiliza, mwanangu. Yule chura hakufa. Yule anasubiri, bibi alikwambia kweli. Lakini bibi amekufa." Ilikuwa mara ya kwanza kulisikia neno hilo kinywani mwake. "Mama yangu amekufa. Hasubiri kitu. Hatatoka."

"Hata ya radi?"

"Hata ya radi."

Hapo ndipo nilipofiwa mimi. Nililia mpaka nikakosa pumzi. Na katikati ya kilio changu nikasikia kilio kingine, kizito, cha kutoka chini kabisa tumboni. Mama yangu alikuwa analia kwa Kigogo, anamwita mama yake, anaomba asamehewe kwamba hakuja, kwamba alikuwa ananunua viatu, viatu, mama, viatu! Sikuwahi kumwona mtu mzima akilia hivyo. Nilimshika shingo nikamng'ang'ania. Po-po alileta kitambaa cha maji ya moto, akatufuta nyuso kwa zamu bila kusema neno, na alipomaliza akaketi nasi pale sakafuni kwenye unyevu, yeye na magoti yake mabovu.

Tulipotulia mama akampigia mjomba. Kongwa ilikuwa bado asubuhi. Akaweka sauti ya nje.

"Yona, usijengee. Acha udongo."

"Dada, unasemaje? Mchanga upo, saruji ipo, fundi nimeshamwambia." Mjomba alikuwa mtu wa watu, na watu ndio waliomtisha. "Watasema nini? Binti yuko Uchina, mama yake amefunikwa udongo mtupu?"

"Waseme."

"Wewe uko mbali, watanisema mimi. Kuzika hukuja, na kujengea hutaki?"

Mama alifumba macho. Neno lile lilimchoma, nililiona linavyoingia. Nikadhani atakubali, vigae vipakiwe, yaishe. (Havikupakiwa siku hiyo. Vilikuja kuwa sakafu ya bafu letu Dodoma, na mpaka leo ukioga bila kujishika unaanguka.) Badala yake alifuta pua, akanipa simu.

"Zungumza na mtoto," akasema.

Nikaishika kwa mikono miwili. "Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mwambie mama yako aache mchezo."

"Mjomba, usimzibie bibi."

"Kaburi likijengwa ndiyo heshima, mama. Wewe bado mdogo."

"Najua hatoki," nikasema, na sauti ikanikatika, ikabidi nianze tena. "Mama ameniambia. Najua hatoki hata mvua ya radi. Lakini yeye hakupenda waliomo ardhini wazibiwe. Usimzibie, mjomba."

Nilisikia jogoo wa kwake akiwika, nikasikia mtu anapita anamsabahi, na mjomba, aliyekuwa haachi salamu ya mtu, hakumjibu. Nikasikia pumzi zake zinakuja kwa kukatika katika, kama za mtu anayepandisha mlima.

"Haya, mama," akasema. "Haya. Hatuzibi."